SOMO LA UFUNDI: ADRESI YA OKTETI TATU NA MEMORI INAYOPITA MEGA 16

(Kwa kalasi ya tano na ya sita. Wadogo nao wasome, hesabu yake si nguvu sana.)



Wote mnajua kile kisanduku cheusi cha Wi-Fi kilicho juu ya kabati mu chumba cha vitabu. Nyuma yake kumechomekwa kle USB, na mule mu kle njo muko vitabu pamoja na maswali ya Exetat ya miaka iliyopita. Kisanduku chenyewe hakibebi vitabu. Kinabeba programu yake tu, ile inayokifanya kuamuka, kuita telefone zenu na kugawa yale yaliyo ku kle.

Mnajua pia mambo yaliyotupata wakati Exetat ilikuwa karibu, imebaki juma mbili. Mwanafunzi moja wa kalasi ya sita aliona kama wenzake hawapati njia ya kuingia. Akafungua ukurasa wa kisanduku, akafinya pale panapoandikwa kuanzisha upya. Taa ikazimika, ikawaka nyekundu, ikabaki vile. Kisanduku kikafa. Waliita mimi. Nikakuta yule kijana amesimama karibu, na mbele ya wenzake wote nikamwambia maneno makali: kwamba mikono yake haitulii, kwamba ameharibu mali ya watu 300. Hakujibu kitu.

Usiku ule delestaji ikapita, umeme ukakatika mu mtaa mzima. Asubuhi ukarudi, na kisanduku kikaamuka kizima, kama hakuna kilichotokea. Mama moja anayetusaidia ku jikoni alisema ni matunda ya maombi ya jioni. Maombi siyakatai hata kidogo, lakini mimi niko mwalimu wa hesabu na fizika, nikataka kujua juu ya nini. Nikafinya mwenyewe pale pa kuanzisha upya. Kikakufa. Nikachomoa waya ya umeme, nikahesabu mpaka kumi, nikairudisha. Kikaamuka. Nikarudilia mara tatu, mara tatu ikawa vile vile. Kukianzisha upya kwa programu, kinakufa. Kukinyima umeme kabisa, kinafufuka.

Kitu kilichoharibika hakiwezi kufanya hivi. Kitu kilichoungua kinabaki kimeungua. Hapa palikuwa mambo ya kusahau na kukumbuka, na somo letu la leo linatoka humo.

Chipu na piloti yake

Ndani ya kisanduku kile muko chipu moja ndogo ya memori flashi. Nilikifungua na kusoma maandishi juu ya mgongo wake kwa kioo cha kukuza. Mu jina lake kulikuwa namba 256. Angalieni: watengenezaji wa chipu za namna hii wanahesabu kwa megabiti, si kwa megaokteti. Okteti moja (wengine wanasema baiti) ni biti 8. Basi 256 tugawe kwa 8, tunapata 32. Chipu yetu inabeba megaokteti 32.

Prosesa inaongea na chipu ile kwa nyuzi chache tu: moja ya kumwita, moja ya kupiga mwendo kama ngoma, moja ya kutuma, moja ya kupokea. Biti zinapita moja moja, kama watu wanaoingia mu mlango mwembamba. Kusoma kunakwenda hivi. Prosesa inatuma kwanza okteti moja ya amri. Kisha inatuma adresi, maana yake namba ya pahali inapotaka kusoma. Nyuma ya pale chipu inaanza kurudisha yaliyomo, okteti kwa okteti, mpaka imeambiwa basi.

Programu ndogo inayojua namna ya kusema na chipu, amri gani itumwe na adresi iandikwe namna gani, mafundi wanaiita piloti. Mfumo mkubwa, kwa mfano Linux, hausemi na chipu wenyewe. Unamwambia piloti: nipe okteti 100 kuanzia pale. Piloti ndiyo inayojua lugha.

Sasa, wakati chipu hizi zilipoanza, zilikuwa ndogo, na watu wakapatana kwamba adresi itakuwa okteti 3. Okteti tatu ni biti 24. Biti moja inaweza kusema mambo mawili, 0 ao 1. Biti 24 zinaweza kusema 2 mara 2 mara 2, mpaka 24. Jumla ni 16.777.216. Njo kusema, kwa okteti tatu unaweza kuita nyumba 16.777.216, kutoka nyumba 0 mpaka nyumba 16.777.215. Hiyo ni megaokteti 16 kamili. Siku zile ilionekana ni bahari.

Kisha chipu za mega 32 zikatoka, na za 64, na zaidi. Nyumba ziliongezeka lakini kibao cha namba kilibaki na nafasi tatu.

Mfano wa Zaburi ya 119

Kusudi wote waelewe, tufungue Biblia. Kila mstari uko na adresi: kitabu, sura, mstari. Tuseme kiongozi wa ibada iko na kibao cha kuandikia namba ya mstari, na kibao kiko na nafasi ya tarakimu mbili tu. Je, kitamtosha?

Kitamtosha karibu maisha yake yote. Mu Mwanzo kitamtosha, mu Luka kitamtosha. Hesabu sura ya 7, ndefu vile, iko na mistari 89: kinatosha. Mu Biblia nzima kuna sura moja tu inayopita mistari 99, ni Zaburi ya 119, yenye mistari 176. Basi kiongozi huyu anaweza kuongoza ibada miaka na miaka, na mtu yeyote atakayekipima kibao chake atasema ni kizuri. Siku anapotaka mstari wa 176 wa Zaburi ile, anaandika 1, anaandika 7, anaandika 6. Nafasi ni mbili, 1 inaanguka nje, inabaki 76. Na kusanyiko linasoma mstari wa 76.

Hapa muweke alama mu kaye zenu: hakuna mtu aliyepiga kelele. Mstari wa 76 uko, ni mstari mzuri, umesomwa vizuri. Haukuwa ule ulioitwa, ni hivyo tu. Namba iliyokosa nafasi hailii. Inakuwa namba ingine. Njo maana kosa la namna hii linakaa miaka mu piloti bila mtu kuliona, mpaka siku mtu ananunua chipu kubwa.

Turudi ku chipu. Mfumo unataka adresi 16.777.221. Mu okteti ine inaandikwa 1, 0, 0, 5, maana 16.777.216 mara 1, kisha 5. Piloti ya zamani inakata ile 1 ya mbele na kutuma 0, 0, 5. Chipu inarudisha nyumba ya 5.

Kama ni kusoma, unapata uongo. Kama ni kufuta, ni msiba. Memori flashi haiandikwi kama kaye. Kuandika kunaweza tu kugeuza 1 kuwa 0. Kama unataka 0 irudi kuwa 1, lazima ufute fungu zima, mara nyingi okteti 65.536 kwa mara moja. Na pale mwanzo kabisa wa chipu, kwa nyumba ya 0, mu visanduku vingi njo kunakaa programu ya kuamusha mashini. Piloti inataka kufuta fungu la kwanza nyuma ya mega 16, adresi inakatwa, inakuwa 0, na programu ya kuamusha inafutwa. Mtu alitaka kusafisha chumba cha nyuma, akabomoa mlango wa mbele. Kisanduku cha namna hiyo hakifufuki hata ukichomoa waya siku nzima. Lazima fundi aandike chipu tena kwa mashini ya pekee.

Kwetu haikuwa hivyo, tushukuru. Ugonjwa wetu ulitoka mu dawa.

Dawa ya kwanza, na madhara yake

Mtu atasema: shida ni nini? Tutume okteti ine pahali pa tatu. Biti 32 zinafika mpaka 4.294.967.296, giga 4, itatosha siku nyingi. Ni kweli. Lakini wanaosema ni wawili, na yule wa pili lazima ajue. Kama piloti inatuma amri ya kusoma na adresi 1, 0, 0, 5, na chipu ingali inangojea okteti tatu, chipu itachukua 1, 0, 0 kuwa adresi nzima (hiyo ni nyumba ya 65.536), na wakati 5 inapita, yenyewe imekwisha kuanza kujibu. Kama ni kuandika ni vibaya zaidi: ile 5 inaandikwa mu memori kama vile ni habari.

Basi watengenezaji waliweka amri ya kubadilisha hali ya chipu. Ku chipu nyingi, mu hesabu ya 16, amri B7 inasema "kuanzia sasa adresi ni okteti ine", na amri E9 inasema "turudi ku tatu". Wengine wakaweka kisanduku kidogo ndani ya chipu, rejista, inayoshika okteti ya juu: unaandika mule 1, kisha adresi zako zote za okteti tatu zinahesabiwa mu mega 16 za pili. Ni kama kiongozi wetu kusema: "Wapendwa, kuanzia sasa tuko mu mia ya pili." Anaandika 76, na wote wanafungua 176. Akili nzuri.

Akili nzuri, mpaka kiongozi anapotoka na mwingine kuingia. Huyu mpya hakusikia neno la mia ya pili. Anaandika 5 akitaka mstari wa 5, na kusanyiko linamsomea wa 105. Yeye anashangaa, wao wanashangaa, na hakuna aliyekosa.

Huyu kiongozi mpya ni nani mu kisanduku chetu? Ni ile programu ya kwanza kabisa ambayo prosesa inatumia kuamuka. Mu mashini nyingi imechongwa ndani ya prosesa yenyewe tangu fabriki, hakuna mtu anayeweza kuibadilisha, na inajua okteti tatu tu. Unapofinya kuanzisha upya, prosesa inasahau yote na kuanza kama mtoto aliyezaliwa leo. Lakini chipu ya flashi haikuzimika! Umeme wake haukukatika hata dakika moja. Yenyewe ingali inakumbuka neno la piloti: okteti ine. Prosesa inasema: soma, 0, 0, 0. Chipu inangojea okteti ya ine. Prosesa nayo inangojea jibu. Mapigo ya mwendo yanapita, chipu inayachukua kuwa okteti ya ine ya adresi, na tangu pale yote yamesogea hatua moja. Programu inayosomwa imesogea okteti moja, haina maana, prosesa inapotea. Taa nyekundu.

Na kama prosesa inaomba nyumba ingine, tuseme 4.096, ambayo mu okteti tatu ni 0, 16, 0, chipu inaongeza okteti ya mwisho yenyewe, mara nyingi 0, na kusoma 0, 16, 0, 0. Hiyo ni 1.048.576, mara 256 ya ile iliyoombwa.

Sasa mnaona juu ya nini delestaji ilituponya. Umeme unapokatika kabisa, chipu nayo inasahau, inarudi ku hali ya kuzaliwa kwake ya okteti tatu, na wawili wanaelewana tena. Mwanafunzi moja aliniuliza: mwalimu, tukiweka batri kisanduku kisizimike tena, si itaisha? Kobalti inayochimbwa huku kwetu Kolwezi inaingia mu batri nyingi za telefone na ordinateri, haikosi kuwa tunapenda batri. Lakini hapa batri ingezidisha shida: ingezuia chipu isikose umeme hata siku moja, na kusahau njo dawa yake. Kuna hali ingine mbaya, tunayoijua vizuri mu mitaa yetu: umeme kushuka bila kukatika. Taa zinafifia, prosesa inaona nguvu haitoshi na kujianzisha upya, na chipu, inayovumilia zaidi, inaweza kubaki na kumbukumbu yake.

Namna piloti ilivyotengenezwa

Wale wanaotunza piloti hizi mu Linux walipita njia ile ile, na si vibaya kuwafuata hatua kwa hatua. Piloti yao ilianza na adresi ya okteti tatu. Kisha ikaongezwa kwamba kama chipu inapita mega 16, upana uwe ine na chipu iambiwe kubadilika. Ndipo mashini zikaanza kushindwa kuamuka, sawa ya kwetu. Wakajaribu kufanya adabu: mfumo unapozimishwa vizuri, piloti iseme E9 kwanza, irudishe chipu ku okteti tatu kabla ya kutoka. Ile rejista ya okteti ya juu nayo iandikwe 0.

Hiyo inasaidia, lakini mnaona tundu lake? Inasaidia tu kama mtu anatoka kwa mlango. Kama mfumo umeanguka ghafula, kama mlinzi wa ndani wa mashini ameipiga kofi iamuke, hakuna aliyepata nafasi ya kusema E9. Mu mwaka 2018 Brian Norris, moja wa watunzaji wale, alitengeneza kwamba adabu hii ifanywe tu ku mashini zilizoandikwa wazi kuwa na kilema hicho, na piloti itoe onyo kwamba mashini inaweza kushindwa kuamuka ikijianzisha bila kutazamiwa. Mimi napenda sana kazi ya namna ile. Angeweza kuacha wote waamini kwamba shida imekwisha. Alichagua kuandika mbele ya watu kwamba ni kiraka.

Dawa yenyewe ni ingine. Pahali pa kubadilisha hali ya chipu, chipu nyingi mpya ziko na amri za pekee ambazo zinabeba upana ndani ya jina lao. Kusoma kwa okteti tatu ni amri 03. Kusoma kwa okteti ine ni 13. Kuandika ni 02 kwa tatu, 12 kwa ine. Kufuta fungu ni D8 kwa tatu, DC kwa ine. Chipu haihitaji kukumbuka kitu. Kila amri inajisema yenyewe. Programu ya kuamusha ikija na 03 yake ya zamani, inajibiwa kwa okteti tatu kama siku zote. Piloti ikija na 13, inajibiwa kwa ine. Kiongozi wetu ameacha kusema "tuko mu mia ya pili"; amenunua kibao cha tarakimu tatu, na kile cha mbili kimebaki kwa wanaokitaka.

Iko pia dawa ya chuma: mtengenezaji wa mashini aunge mguu wa kusahaulisha wa chipu, kama iko nao, pamoja na ule wa prosesa, kusudi moja akianza upya mwingine naye aanze. Ni waya moja. Lakini sisi tulionunua kisanduku kimekwisha kufungwa hatuna la kusema juu ya waya ile.

Mtu anayetengeneza piloti asifikiri ni kubadilisha 3 kuwa 4 mu mstari moja. Ile nafasi ya kuandikia amri na adresi, iliyotosha okteti 4 (moja ya amri, tatu za adresi), sasa lazima ibebe 5, na zaidi kama amri ya kusoma kwa haraka inataka okteti ya kungojea. Kusoma, kuandika, kufuta, zote tatu zibadilike pamoja. Nusu dawa ni sumu: piloti inayosoma kwa ine na kufuta kwa tatu itakuonyesha kwamba yote ni sawa mpaka siku ya kufuta.

Tena piloti lazima ijue kama chipu iliyo mbele yake inaelewa amri zile mpya. Hapa kuna mambo ya kuchekesha kidogo. Kila chipu iko na namba ya kujitambulisha, na piloti inaiuliza ikianza. Lakini kampuni Winbond ilitoa W25Q256FV, kisha W25Q256JV. Ya pili inaelewa amri zote za okteti ine, ya kwanza hapana, na zote mbili zinatoa namba moja ile ile ya kujitambulisha. Macronix nayo iko na mapacha ya namna hiyo, MX25L25635E na MX25L25635F. Piloti ya Linux inabidi kuangalia ndani ya jedwali lililoandikwa mu chipu yenyewe, jedwali ambalo kanuni yake ilitangazwa mu 2011, ili kutambua ndugu moja na mwingine. Ni kama mwalimu anayepata mapacha wenye jina moja ku listi ya kalasi: ataangalia kaye zao.

Wenye telefone wanajua ndugu wa shida hii bila kujua jina lake. Karte memori za zamani za SD zilihesabu adresi kwa okteti moja moja. Kwa biti 32 haziwezi kupita giga 4. Mu 2006 zikatoka za SDHC, na hapa mafundi hawakuongeza tarakimu. Walibadilisha kipimo: namba ile ile ya biti 32 sasa inahesabu mafungu ya okteti 512. Ni sawa na mtu ku soko kuacha kuhesabu punje za mahindi na kuhesabu mifuko. Njo maana telefone ya zamani inakataa karte mpya: moja anasema punje, mwingine anasema mifuko.

Kisanduku chetu sasa

Chipu yetu, kwa neema, ni ya wale wanaoelewa amri mpya. Mfumo uliokuwa ndani ulikuwa wa zamani, piloti yake ilikuwa ya B7. Kwanza nilifanya mtihani wa kusoma tu, na ninawaomba wote wanaopenda kufungua mashini wajifunze kuanza hivyo: nilisoma okteti za mwanzo kuanzia nyumba 0, kisha nyingi vile vile kuanzia nyumba 16.777.216, nikalinganisha. Kama zingekuwa sawa kabisa, ingekuwa alama ya adresi kukatwa, na nisingeandika hata okteti moja. Zilikuwa tofauti. Ndipo nikaweka mfumo mpya wenye piloti ya amri za okteti ine. Nikakianzisha upya mara kumi, mbele ya kalasi ya sita nzima. Mara kumi kikaamuka.

Siku ile ile, mbele ya wale walionisikia nikimsema, nilimwomba yule kijana msamaha. Alifinya pahali palipowekwa kufinywa. Mimi niliyekuwa na diploma ku ukuta niliona taa nyekundu na kutafuta mtu wa karibu.

Karatasi iliyobandikwa juu ya kabati, inayosema MUSIFINYE, CHOMOENI WAYA, imekwisha kutolewa.

Maswali ya kujipima

1. Chipu imeandikwa 128 mu jina lake, ni megabiti. Je, adresi ya okteti tatu inaitosha? Onyesha hesabu.

2. Piloti inayokata adresi imeombwa kufuta fungu linaloanzia 16.842.752. Ni nyumba gani itakayofutwa kwa kweli? (Anza kwa kutoa 16.777.216.)

3. Biti 32, kipimo ni fungu la okteti 512. Karte inaweza kufika okteti ngapi? Andika namba nzima, si "nyingi sana".

4. Chipu imebaki ku hali ya okteti ine. Programu ya kuamusha inaomba nyumba 65.536 kwa okteti tatu. Andika okteti tatu zile, kisha useme chipu itasoma wapi.

5. Kwa wa kalasi ya sita: kisanduku kimewekwa batri kubwa isiyozimika, na piloti inasema E9 kila mara inapozimishwa vizuri. Eleza hali moja ambayo bado kitashindwa kuamuka.

Majibu yaletwe ku meza ya mwalimu wa hesabu mbele ya Siku ya Ine. Kila mtu na kaye yake. Ukinakili ya mwenzako, nakili na makosa yake pia, nitayajua.